Siti binti Saad na Wenziwe: Sauti ya Ng'ambo Katika Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Jina la Siti binti Saad si geni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Wengi hukutana naye kwanza katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert na kuchapishwa mwaka 1958, ambamo anasomwa kama kielelezo cha mtu aliyetoka chini kabisa akapanda juu kwa juhudi, subira na tabia njema. Usomaji huo una haki yake, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vimefaidika nao. Hata hivyo, una upungufu mmoja. Humwacha Siti akisimama peke yake jukwaani kana kwamba nyimbo zilimtoka kinywani bila mkono wa mtu mwingine.

Ukweli ni kwamba Siti alikuwa mwimbaji, na pia alikuwa kiongozi wa kundi. Nyuma ya sauti yake palikuwa na wapiga ala, watunzi na hadhira ya mtaa iliyosikiliza, ikahakiki na ikachangia. Makala haya yanafuata maisha yake tangu kuzaliwa hadi kufa, na yanashikilia kwamba umuhimu wake mkubwa kwa Kiswahili hauonekani sawasawa mpaka atazamwe pamoja na wenziwe. Kundi hilo lilikichukua Kiswahili cha watu wa kawaida wa Unguja, likakipandisha katika muziki uliokuwa ukiimbwa kwa Kiarabu, na likakisambaza kwa santuri kabla Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki haijaketi kukisanifisha.

Kuzaliwa na malezi

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Uzaramo. Familia ilitoka katika tabaka la watumwa na watu wa chini. Hata jina alilopewa mtoto, Mtumwa, lilitangaza hali hiyo kila alipoitwa. Katika Unguja ya wakati ule jina la namna hiyo halikuwa la ajabu. Jamii iligawanyika kwa nasaba, kwa rangi na kwa umilikaji wa mashamba ya karafuu na minazi, na jina la mtu lilimwambia msikilizaji mahali pa kumweka.

Kazi za nyumbani kwao zilikuwa kilimo na ufinyanzi. Binti alijifunza kufinyanga na kuchoma vyungu, kisha akawa anavichukua kichwani kwenda kuviuza. Wachuuzi wa siku zile walinadi bidhaa zao kwa sauti, na inasimuliwa kuwa sauti ya mfinyanzi huyu kutoka Fumba ilitambulikana kwa mbali. Watu walijua vyungu vimefika kabla hawajaviona. Shule hakuipata, wala chuo hakukisoma kama walivyosoma watoto wa wenye uwezo. Alichokuwa nacho ni mapafu yaliyozoea mwendo mrefu na koo lililofunzwa na njia.

Aliolewa akiwa kijana, akapata mtoto wa kike, na ndoa ile haikudumu. Maisha ya shamba yalimpa kijungujiko tu. Mwaka 1911 aliiacha Fumba akahamia mjini.

Mji alioukuta

Ni vyema kuutazama mji huo kwa makini kidogo, kwa kuwa ndio uliomfanya Siti awe alivyokuwa. Amri ya kufuta utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897, lakini haikuwagusa masuria, ambao walingoja hadi mwaka 1909. Kwa hiyo Siti alifika mjini miaka miwili tu baada ya utumwa kumalizika kisheria. Maelfu ya watu waliokuwa wameachwa huru, pamoja na wahamiaji kutoka bara na kutoka vijijini, walikuwa wakitafuta makao, kazi na heshima mpya. Wengi wao walijenga Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na viunga vyake. Mji Mkongwe ulikuwa na majumba ya mawe ya watawala, matajiri na wafanyabiashara. Ng'ambo ilikuwa ya nyumba za udongo, ya makuli, wapagazi, mafundi, wavuvi, wapishi na madobi.

Muziki nao ulikuwa umegawanyika vivyo hivyo. Taarabu iliingia kupitia kasri wakati wa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Inasimuliwa kuwa Sultani huyo alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni, ili akirudi awafunze wengine. Ala zilikuwa zile za Misri: kanuni, udi, fidla, nai na ngoma ndogo za mkono. Lugha ilikuwa Kiarabu, na hadhira ilikuwa jamaa wa kasri na wageni wao. Mwaka 1905 vijana wa mjini walianzisha chama cha Ikhwani Safaa, na taarabu ikatoka kasri kwenda katika baraza za waungwana. Hata hapo lugha ilibaki kuwa Kiarabu, na wapigaji walibaki kuwa wanaume wa nasaba zinazojulikana.

Upande wa Ng'ambo palikuwa na ngoma za kila aina, nyingine zikiendeshwa na vyama vya wanawake, nyingine zikipambwa kwa zumari. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, lakini waungwana hawakuzihesabu kuwa sanaa ya baraza. Kati ya pande hizi mbili palikuwa na pengo, na katika pengo hilo ndimo Siti alimopitia.

Kutoka Mtumwa hadi Siti

Mtu aliyemtambua alikuwa Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa. Aliisikia sauti yake, akaona kuwa kipaji hicho kinahitaji mafunzo, akaanza kumfundisha kuimba kwa kufuata ala. Hilo halikuwa jambo dogo. Mwimbaji wa ngoma anafuata mdundo na kuitikiwa na kundi zima, lakini mwimbaji wa taarabu hana budi kujua maqamu, kujua mahali pa kuvuta na pa kukata, na kuisikiliza fidla inapomjibu. Siti alijifunza pia kusoma Kurani kwa sauti, na mafunzo hayo yalimpa matamshi ya Kiarabu na nidhamu ya pumzi. Kwa kuwa hakuwa msomi wa maandishi, kila alichojifunza alikihifadhi kichwani.

Ni katika miaka hiyo jina la Mtumwa lilipomwachia nafasi Siti, neno la Kiarabu linalomaanisha bibi mwenye heshima. Jina la kwanza lilimweka chini ya mtu mwingine, na la pili lilimweka kiti cha mbele. Hata hivyo heshima haikuja kwa kubadili jina tu. Mahasidi wake walimtungia nyimbo za kumkumbusha vyungu alivyokuwa akibeba na nguo duni alizoingia nazo mjini, na wakamdhihaki kwa sura. Jibu lake lilikuwa wimbo, na maana yake ilikuwa kwamba sura na nasaba hazimfaidishi mtu asiye na akili wala maarifa. Majibizano haya yanastahili kuangaliwa na mwanafunzi wa fasihi. Yanaonyesha kuwa tangu mwanzo Siti aliutumia wimbo kama hoja, na kwamba swali lililokuwa mezani lilikuwa nani ana haki ya kusikilizwa.

Kundi na namna lilivyofanya kazi

Baada ya mafunzo Siti hakubaki mwimbaji wa kuazimwa na vyama vya watu wengine. Alikusanyika na wapigaji wakawa kundi lenye jina lake mbele. Wanaotajwa zaidi katika kundi hilo ni Subeti bin Ambari, Mbaruk Talsam, Budda na Mwalimu Shaaban. Ala zao zilikuwa udi, fidla na ngoma za mkono kama tari na dumbaki. Mbaruk alikuwa mwanamuziki mwenye sifa zake mwenyewe, na santuri zilizotoka kwa jina lake zinathibitisha hivyo. Kundi zima lilikuwa la watu ambao kipaji chao kiliwazidi vyeo vyao.

Kwamba mwanamke ndiye aliyekuwa kichwa cha kundi la wanaume lilikuwa jambo la kushangaza katika Unguja ya miaka ya 1920. Katika taarabu ya baraza mwanamke hakuwa na mahali. Siti aliimba mbele ya Sultani Khalifa bin Haroub, akaimba katika harusi za matajiri, na usiku uliofuata akaimba nyumbani kwake Ng'ambo kwa majirani wasioweza kulipa kitu. Hakuna mwanamuziki mwingine wa wakati wake Unguja aliyekuwa na hadhira mbili zilizotofautiana kiasi hicho.

Nyumba ile ya Ng'ambo ndiyo iliyokuwa karakana ya kundi. Jioni watu walikusanyika, wakazungumza habari za mjini: nani kaoa, nani kafungwa, mahakama imehukumu nini, bei ya kitu gani imepanda. Katika mazungumzo hayo jambo moja lingeshika nyoyo za watu likageuzwa shairi. Mmoja alileta beti, mwingine alileta lahani, mara nyingi yenye athari ya nyimbo za Misri au za Bara Hindi zilizosikika katika gramafoni, na mwingine alirekebisha neno lisilokaa vizuri katika mizani. Wimbo ulijaribiwa mbele ya hadhira ileile iliyotoa habari yake. Ubeti ulioitikiwa kwa vigelegele ulibaki, na ulioangukia kimya uliachwa. Ni vigumu, basi, kuutaja wimbo wa kundi hilo kuwa ni wa mtu mmoja. Msamiati wa fasihi simulizi unaozungumzia utungaji papo kwa papo na ushiriki wa hadhira unapata hapa mfano ulio wazi kabisa, tena katika mji wa bandari wa karne ya 20, mbali na moto wa jioni wa kijijini.

Nyimbo na ushahidi wake

Maudhui ya nyimbo hizo yalikuwa mapana. Zipo za mapenzi, zipo za sifa, zipo za mawaidha. Lakini zilizowafanya Siti na wenziwe wakumbukwe ni zile zilizozungumzia mambo yaliyotokea kweli na watu waliojulikana. Taarabu ya baadaye imesifika kwa mafumbo, ambapo anayesemwa hujulikana kwa ishara tu. Kundi la Siti lilijua kufumba, lakini lilijua pia kufumbua. Ziko nyimbo zilizowataja wakosaji kwa majina, wakiwemo wenye vyeo waliodhulumu wanyonge na mwisho wakafungwa, na ziko zilizozungumzia wanaume wanaowapiga wake zao.

Maarufu kuliko zote ni wimbo wa Kijiti. Kisa chake kilikuwa cha mauaji ya mwanamke aliyekuwa mgeni kisiwani, na mtuhumiwa, Kijiti, alivuka bahari akakimbilia Tanganyika. Waliobaki mikononi mwa sheria walikuwa wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Wimbo haukuishia kuomboleza. Uliiuliza mahakama ya kikoloni maswali ambayo mtu wa Ng'ambo asingeweza kuyauliza kizimbani. Ulimlaani mwuaji, ukawahurumia waliobebeshwa mzigo usio wao, na ukamfanya kila aliyeuimba kuwa shahidi. Kumbukumbu za mahakama ziliandikwa kwa Kiingereza na kufungiwa kabatini. Kumbukumbu ya mtaa ilikaa katika wimbo, na karibu karne moja baadaye ndiyo inayojulikana zaidi.

Nyimbo kama hizo zilitoka katika mazingira yenye mivutano. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo walikataa kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Watu waliokuwa wakihoji haki ya mwenye kiwanja ndio waliokuwa wakiketi kumsikiliza Siti usiku. Wimbo haukuwa pembeni ya siasa za mtaa. Ulizipa siasa hizo maneno ya kukumbukwa.

Safari ya Bombay

Mwezi Machi mwaka 1928 kundi lilikwenda Bombay kurekodi kwa mwaliko wa kampuni ya His Master's Voice. Biashara ya gramafoni ilikuwa imechangamka duniani kote. Tangu mwaka 1925 maikrofoni ya umeme ilikuwa imechukua mahali pa baragumu la zamani, na sauti ya mwimbaji ikasikika kwa uwazi ambao haukuwezekana kabla ya hapo. Kampuni zilitafuta lugha mpya na wanunuzi wapya. Huko Marekani bendi za jazi zilijulikana kwa njia hiyohiyo, na huko Cairo jina la Umm Kulthum lilikuwa linaanza kukua. Wanunuzi wa Afrika Mashariki walikuwa wakiuziwa santuri za Kiarabu na za Kihindi. Jambo lililokuwa halijajaribiwa kwa mapana ni kuwauzia santuri zinazoimba kwa lugha yao.

Kurekodi kulikuja na masharti yake. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulichukua takriban dakika tatu za sauti. Wimbo ambao nyumbani Ng'ambo ungeweza kuendelea kadiri hadhira ilivyotaka, na beti zake kuongezwa au kurudiwa, ilibidi ukatwe upate kuingia katika kipimo hicho. Hapakuwa na vigelegele vya kumwongoza mwimbaji wala jirani wa kumkosoa. Kwa mara ya kwanza wimbo ulipewa sura moja isiyobadilika, jambo ambalo kalamu humfanyia shairi. Anayezisikiliza santuri hizo hana budi kukumbuka kwamba anasikia ufupisho wa usiku mrefu.

Mauzo yalizidi matarajio ya wafanyabiashara. Kundi lilirekodi tena katika miaka iliyofuata, na kampuni nyingine, zikiwemo Columbia na Odeon, zikaingia katika ushindani wa kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Kabla ya kuingia miaka ya 1930 nakala za santuri za Kiswahili zilikuwa zimefika mbali na Unguja, Mrima na Mombasa hadi miji ya bara. Wasiokuwa na gramafoni walisikiliza katika migahawa na kwa jirani aliyekuwa nayo. Kisha mdororo mkuu wa uchumi wa dunia ukaikata biashara hiyo. Bei za mazao zilianguka, watu wakakosa fedha za anasa, na mwaka 1931 His Master's Voice na Columbia ziliungana katika kampuni ya EMI. Kipindi cha dhahabu cha kurekodi kilikuwa kifupi, lakini kilichorekodiwa kilikuwa kimekwisha kuenea.

Kiswahili cha santuri na Kiswahili cha kamati

Mwezi Juni mwaka 1928, miezi michache tu baada ya safari ya Bombay, ulifanyika mkutano mjini Mombasa wa kuamua ni lahaja ipi itakuwa msingi wa Kiswahili kitakachotumika katika shule za Afrika Mashariki. Kiunguja kilichaguliwa dhidi ya Kimvita, kilichokuwa na watetezi hasa miongoni mwa wamisionari wa Mombasa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi Januari 1930. Historia hiyo hufundishwa kila chuo kinapofundishwa Kiswahili, na wahusika wake ni maofisa, wamisionari na wataalamu wa isimu.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba santuri za Siti ndizo zilizowafanya wajumbe waamue hivyo. Sababu zao zilikuwa za kiutawala, na Kiunguja kilikuwa kimekwisha kuenea bara kwa njia za biashara. Lakini uamuzi wa kamati ulikuwa jambo moja, na kupendwa kwa lugha kulikuwa jambo jingine. Kamati iliweza kuamuru tahajia, lakini haikuweza kuamuru mapenzi. Wakati kamati ikihakiki vitabu vya shule, Kiunguja cha Ng'ambo kilikuwa kikiimbwa katika miji ambayo wakazi wake wengi hawakuwahi kuingia darasani. Kilifika kikiwa na uchungu, dhihaka na utani wake, na msikilizaji alikikariri kwa hiari. Katika historia ya kuenea kwa lugha yetu, kundi la wapiga ala lisilo na cheo linastahili kutajwa katika sura moja na kamati.

Lilikuwa jambo zito zaidi kwa sababu ya heshima ya lahaja za kaskazini. Kwa karne kadhaa ushairi uliohesabiwa kuwa wa daraja la juu ulitoka Pate, Lamu na Mombasa, na Kiamu kilikuwa kipimo cha mtunzi wa tenzi. Kiunguja kilionekana kuwa lugha ya soko. Siti na wenziwe hawakukiandikia utenzi mkubwa, lakini walionyesha kuwa lugha ya soko inaweza kubeba shairi lililopimwa na kuimbwa kwa ala za kasri.

Huko Lamu penyewe swali la nani anaruhusiwa kuimba na kwa ala gani lilikuwa likiulizwa miaka hiyohiyo, ingawa kwa njia tofauti. Mji wa Lamu ulikuwa na Mkomani ya majumba ya mawe na nasaba kongwe, na Langoni ya wahamiaji, mabaharia na watu waliotoka utumwani. Ni Langoni alikokaa Habib Swaleh, sharifu kutoka Ngazija aliyefariki mwaka 1935, akawafundisha dini watu ambao wengine hawakuona haja ya kuwafundisha. Karibu na msikiti wake wa Riyadha maulidi yalisomwa kwa matari na nai, na wako waliolipinga hilo. Habib Swaleh alikuwa mwanachuoni na Siti alikuwa mwimbaji wa starehe, na hawapaswi kuchanganywa. Hata hivyo Langoni na Ng'ambo zinafanana kwa jambo moja. Katika mitaa yote miwili watu waliokuwa wamewekwa pembeni mwa mji waliingia katika sanaa na elimu kwa mlango wa sauti, na baadaye mji mzima ukafuata.

Miaka ya mwisho

Baada ya biashara ya santuri kufifia Siti hakunyamaza. Aliendelea kuimba harusini na barazani, na nyumba yake ikaendelea kuwa kituo cha waliotaka kujifunza. Njia aliyoifungua iliingiwa na wanawake wengine. Vyama vya taarabu vya wanawake vilistawi Unguja, na wimbo wa Kiswahili ukawa ndio kawaida ya taarabu. Lugha ya Kiarabu, iliyokuwa hapo awali sharti la kuketi barazani, ikabaki kuwa pambo.

Mwishoni mwa maisha yake Shaaban Robert alionana naye na kumsikiliza akisimulia habari zake. Kukutana kwao ni jambo la kufurahisha kwa mwanafunzi wa fasihi, kwa kuwa mmoja aliutumikia ushairi kwa kalamu na mwingine aliutumikia bila kalamu. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, na Shaaban Robert mwenyewe akafariki mwaka 1962. Wasifu uliotokana na mazungumzo yao unamtazama Siti zaidi kama mfano wa maadili, kufuatana na falsafa ya mwandishi na mahitaji ya wasomaji wa wakati ule. Juu ya mjadala wa nyimbo barazani na juu ya mchango wa Mbaruk, Subeti, Budda na Mwalimu Shaaban, msomaji anabaki na kiu.

Kiu hiyo waliituliza kwa kiasi wale walioziimba upya nyimbo hizo. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa mzee sana, alizichukua nyimbo za Siti akaziimba Unguja na katika majukwaa ya nchi za nje, na kwa kinywa chake kizazi ambacho hakikuwahi kuona gramafoni kikaujua wimbo wa Kijiti. Bi Kidude hakuziimba kama zilivyo katika santuri. Aliongeza, akapunguza, akazipa mwendo wake. Kwa kufanya hivyo aliurudisha wimbo katika hali uliyokuwa nayo Ng'ambo kabla haujakatwa kwa dakika tatu.

Hitimisho

Maisha ya Siti binti Saad yanaweza kusimuliwa kama hadithi ya mfinyanzi aliyekuwa bibi, na hadithi hiyo ni ya kweli. Lakini mfinyanzi hafanyi chungu kwa udongo wa kuwazia. Huuchimba mahali. Udongo wa Siti ulikuwa maneno ya majirani zake, na waliomsaidia kuufinyanga walikuwa wapigaji ambao majina yao yanatajwa kwa nadra katika vitabu vya kiada. Kumpa kila mmoja wao haki yake hakumpunguzii Siti chochote. Kunamwonyesha kuwa kiongozi aliyejua kusikiliza kabla ya kuimba.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna kazi mbili zinazobaki. Ya kwanza ni kuzichambua nyimbo hizi kwa vipimo vilevile vya mizani, vina, usemi na dhamira vinavyotumiwa kuchambua tenzi, badala ya kuzitaja kwa kupita katika somo la historia ya taarabu. Ya pili ni kuzisikiliza. Santuri za mwaka 1928 ni miongoni mwa sauti za kale zaidi za Kiswahili kilichoimbwa zilizohifadhiwa, na santuri ni kitu kinachovunjika. Nyingi zimeshapotea katika nyumba zilizobomolewa na sanduku zilizoliwa na mchwa. Kila iliyobaki ikinakiliwa, ikaandikwa maneno yake na kuwekewa majina ya wote walioifanya, sehemu ya historia ya lugha hii itakuwa imerudi kwa wenyewe.